Hita ya bwawa imegoma kuwaka: sikiliza imeishia wapi

Simu nyingi za hita ya bwawa huanza hivi: "Fundi, hita imekufa." Ukifika unakuta haijafa. Umeme upo, skrini inawaka, inajaribu mara mbili tatu, halafu inanyamaza na kuonyesha msimbo wa hitilafu. Mwenye bwawa ameshazima na kuwasha mara kumi, ameshagonga kifuniko, na pengine ameshanunua kiwashio kipya kwa sababu mtu alimwambia ndicho huwa kinaharibika.

Hita ya gesi haiwaki kwa kuamriwa. Kabla ya kufungua gesi inataka kujua mambo kadhaa: maji yanapita? Joto limevuka kiwango? Hewa ya kuchomea ipo? Kiwashio kiko tayari? Ikishafungua, inataka kujua jambo la mwisho: moto umeshika? Moja likikosa jibu, kila kitu kinasimama. Ndiyo maana kazi hii haianzi na bisibisi, inaanza na sikio. Ukijua hita imefika hatua gani ndipo ikaacha, nusu ya kazi imekwisha.

Ninazungumzia hita za gesi tu. Ile mashine inayovuta joto la hewani kwa kompresa haina moto, na ikigoma ina mambo yake mengine kabisa.

Kabla hujagusa kitu

Ukisikia harufu ya gesi, funga valvu ya gesi, usiwashe wala usizime swichi yoyote, watu wasogee mbali, na hita isubiri. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini: kwenye shimo la pampu, kwenye mtaro, chini ya hita yenyewe. Gesi asilia ni nyepesi, hupanda na kujikusanya juu chini ya paa. Ukiinama kunusa, nusa mahali panapohusika.

Kila jaribio lililoshindwa linaweza kuacha gesi ambayo haikuungua ndani ya chumba cha moto. Mtu anayebonyeza kitufe cha kuanza upya mara nane mfululizo anajitengenezea mlipuko mdogo, na mara ya tisa ndiyo inayomrushia kifuniko. Subiri walau dakika 5 kati ya jaribio na jaribio, na usiweke uso mbele ya tundu la kuchungulia wakati hita inajaribu kuwaka. Simama pembeni.

Jinsi hita nzima inavyosikika

Hita nyingi za siku hizi zina feni na kiwashio kinachong'aa kwa joto. Mwambie mtu apandishe joto kwenye skrini, wewe simama karibu na usikilize. Kwanza utasikia "tk" ya relei, swichi ndogo inayoendeshwa na umeme. Feni inaanza, inavuma kwa sekunde kama 15 au zaidi ikifagia gesi yoyote iliyobaki ndani. Kisha, kimyakimya, kiwashio kinapata umeme na kuanza kung'aa rangi ya machungwa, kazi inayochukua sekunde 20 hadi 40 hivi. Halafu "kla", valvu ya gesi imefunguka, na papo hapo "fuuu" laini ya moto. Sekunde chache baadaye kihisi cha moto kikiridhika, hita inaendelea. Kisiporidhika, gesi inafungwa, feni inafagia tena, na mzunguko unarudiwa. Zikiisha nafasi zake, nyingi zikiwa na tatu, hita inajifunga hadi uianzishe upya.

Nyingine hutumia cheche badala ya kiwashio cha kung'aa. Hizo utazisikia "ta-ta-ta-ta" kama jiko la kubonyeza. Za zamani zina moto mdogo unaowaka wakati wote. Hizo nitazirudia mbele.

Kuhusu msimbo kwenye skrini: usome, uandike, lakini usiuamini kupita kiasi. Msimbo unataja swichi iliyofunguka, yaani iliyokata umeme, hautaji kilichoifungua. Msimbo wa presha ya maji haumaanishi kwamba swichi ya presha ya maji imeharibika. Mara nyingi maana yake ni kwamba swichi inafanya kazi yake vizuri kabisa.

Kimya kabisa, hata skrini haiwaki

Hapa shida ni umeme, na ndiyo rahisi kuliko zote. Angalia breka. Angalia kama hita imeunganishwa kupitia taima ya pampu, maana pampu ikizimwa na taima, hita nayo inakata. Kama breka ni nzima na umeme wa njia kuu unafika, ndani kuna transfoma inayoushusha hadi volti 24, na kwenye bodi, ile sahani ya umeme inayoongoza hita, kuna fyuzi ndogo inayofanana na ya gari. Fyuzi ikiwa imeungua usiibadilishe na kuondoka. Fyuzi haifi kwa uzee. Tafuta waya uliochubuka ukagusa bati, au maji yaliyoingia kwenye kiunganishi.

Hita mpya isiyowahi kuwaka hata mara moja inastahili swali la ziada: je, plagi ya kuchagua volti ndani ya hita imewekwa upande unaolingana na umeme wako? Nyingi zinakubali volti 120 au 240, na kiwandani huchaguliwa upande mmoja.

Na kuna sisimizi. Usicheke. Wadudu hawa hupenda kukaa kwenye relei na bodi zenye joto, wakipigwa shoti wanakufa juu ya vidole vya swichi, wenzao wanafuata, na mwisho kuna zulia la mizoga linalozuia vidole visigusane. Brashi laini na kopo la hewa vinatosha, umeme ukiwa umezimwa.

Skrini inawaka, lakini hita haijaribu hata kuanza

Anza na lililo dogo kuliko yote: joto ulilochagua liko juu ya joto la maji? Hita nyingi zina mipangilio miwili, mmoja wa bwawa na mmoja wa beseni la maji moto, na mtu anaweza kupandisha mmoja huku hita imekaa kwenye mwingine. Kama kuna rimoti au mfumo wa kuendesha vifaa vyote vya bwawa, hita inaweza kuwa inasubiri ruhusa kutoka huko.

Likishaondoka hilo, hamia kwenye maji. Nitakaa hapa kwa sababu ndipo penye shida nyingi kuliko sehemu nyingine zote, na ndipo watu hutafuta mchawi ndani ya hita wakati mchawi yuko kwenye kikapu cha pampu.

Ndani ya hita kuna swichi ndogo ya presha ya maji. Kazi yake ni moja: kuhakikisha moto hauwaki kama maji hayapiti. Mabomba ya shaba yaliyo juu ya moto yamejengwa yapozwe na maji yanayokimbia. Maji yakisimama huku moto unawaka, yanachemka kwa muda mfupi sana, na vichwa vya plastiki vinavyounganisha mabomba vinaanza kuyeyuka. Kwa hiyo swichi ikikataa, ichukulie kuwa inasema kweli hadi uthibitishe vinginevyo.

Nenda kwa mfuatano wa maji yenyewe. Kina cha bwawa kimeshuka hadi skima, lile tundu la ukingoni linalovuta maji ya juu, inavuta hewa? Kikapu cha skima na kikapu cha pampu vimejaa majani? Chini ya kifuniko cha pampu kinachoonekana ndani, maji yanajaa au kuna povu linalozunguka? Povu maana yake kuna mahali hewa inaingia, na mara nyingi ni mpira wa kifuniko hicho hicho uliokauka. Valvu zote kati ya pampu na hita zimefunguliwa? Kuna valvu ya kupitisha maji pembeni ya hita, na aliyesafisha bwawa jana aliiacha wazi?

Kisha chujio. Geji iliyo juu ya chujio huwachanganya watu. Mtu anasema: "Lakini presha iko juu, inakuwaje hita idai presha hakuna?" Tazama mahali geji ilipo. Iko kabla ya uchafu. Hita iko baada ya uchafu. Chujio kikiziba, presha inajikusanya upande wa pampu na geji inapanda, wakati kwa hita maji yanafika kwa kuchuruzika. Geji ikipanda psi 8 hadi 10 juu ya ilivyokuwa chujio kilipokuwa kisafi, kioshe. Kikapu cha pampu kikiziba mambo yanageuka: geji inashuka, kwa sababu pampu yenyewe haina cha kusukuma. Ukijua tofauti hiyo, geji moja inakuambia uende upande gani.

Nilishawahi kuitwa mahali ambapo hita ilikuwa imebadilishiwa kiwashio, kisha bodi nzima, na bado haiwaki. Aliyetangulia alikuwa mtu mwenye vifaa vizuri. Nilifungua kifuniko cha pampu kwa sababu ndiyo desturi yangu kuanzia huko, nikatoa kikapu kilichojaa mbegu za mti uliokuwa juu ya bwawa, zimelowa na kushikana kama tofali. Hita iliwaka kabla sijarudisha kifuniko cha hita yenyewe.

Pampu za kubadili mwendo zimeleta dalili mpya ambayo zamani haikuwepo: hita inawaka vizuri asubuhi, mchana inagoma, jioni inawaka tena. Hakuna kilichoharibika. Pampu imepangwa ikimbie kwa kasi asubuhi na jioni, na mchana itembee polepole kuokoa umeme. Mwendo wa polepole hautoshi kusukuma swichi ya presha. Pandisha kasi hatua kwa hatua hadi hita ikubali, ongeza kidogo juu ya hapo, na uhakikishe saa za joto zinaangukia kwenye saa za kasi hiyo.

Kama maji yote yako sawa na hita bado inakataa, sasa ndipo unaishuku swichi. Chukua maltimita, uiweke kwenye volti za AC (umeme unaogeuka mwelekeo), na upime kati ya ncha mbili za swichi pampu ikiwa inakimbia. Ukipata karibu volti 24, swichi iko wazi, haipitishi. Ukipata sifuri au karibu nayo, imefunga na umeme unapita, kwa hiyo tafuta mbele. Swichi iliyo wazi wakati maji yanapita vizuri inaweza kuwa na kijibomba chake kilichoziba kwa chumvi za maji; kifungue, kisafishe. Inaweza pia kuwa inahitaji kurekebishwa. Hita iliyofungwa chini sana ya usawa wa bwawa inabeba uzito wa maji hata pampu ikiwa imezimwa, na iliyo juu sana inakosa presha hata pampu ikikimbia, ndiyo maana swichi ina gurudumu dogo la kurekebisha. Sharti ni hili: pampu ikizimwa swichi lazima ifunguke. Ukiikaza hadi ibaki imefunga wakati wote, umeiua.

Na usiunganishe waya kuiruka swichi ili "uone tu kama itawaka". Ninajua mafundi hufanya hivyo. Ninajua pia hita ambazo waya huo ulisahaulika ndani.

Swichi hizi zimepangwa kama mnyororo, volti 24 hupita moja baada ya nyingine. Kwenye mnyororo huo huo kuna swichi za joto kupita kiasi, mara nyingi mbili, na kwenye hita nyingi kuna kipande kinachoungua mara moja tu moto ukitoka nje ya mahali pake. Zipime kwa namna ile ile, moja baada ya nyingine, na utafika kwenye ile yenye volti 24. Swichi ya joto iliyofunguka hita ikiwa baridi imeharibika, ibadilishe. Inayofunguka baada ya hita kuwaka kidogo inakuambia maji yanatoka yakiwa na joto mno: mwendo mdogo, au springi ya valvu ya ndani iliyovunjika, au chokaa iliyojishika ndani ya mabomba. Chokaa ina sauti yake. Hita huanza kuimba kama birika linalokaribia kuchemka. Kile kipande cha kuungua mara moja kikiwa kimekatika, usikibadilishe bila kujua moto ulifuata nini nje. Hiyo ni kazi ya fundi wa gesi.

Feni inazunguka, halafu hakuna kinachofuata

Hita inasubiri kuthibitisha kwamba hewa inapita. Kuna swichi nyingine ya presha, hii ya hewa, iliyounganishwa na feni kwa mpira mwembamba. Mpira ukipasuka, ukichomoka au ukipata tone la maji ndani, swichi haisikii kitu. Anza hapo, kisha uende kwenye njia za hewa: tundu la kuingizia hewa limezibwa na majani au manyoya? Kuna kiota cha ndege au cha panya kwenye bomba la moshi? Hita iliyokaa miezi bila kuwashwa ni nyumba tayari kwa mwenye kuihitaji. Mapanga ya feni yenye vumbi la kushikamana nayo husukuma hewa kidogo kuliko yanavyoonekana kusukuma.

Kama inagoma siku za upepo tu, tazama bomba la moshi limeelekea wapi. Upepo unaoingia kwa nguvu kinyume chake unatosha kuifungua swichi hiyo.

Feni ipo, lakini kiwashio haking'ai

Chungulia kwa pembeni kupitia tundu. Usipoona mwanga wowote muda wa kung'aa ukifika, pima volti kwenye kiunganishi cha kiwashio wakati huo huo. Umeme ukiwepo na mwanga usiwepo, kiwashio kimekufa. Usipokuwepo, shida iko kwenye bodi au kwenye swichi fulani iliyotangulia. Unaweza pia kukichomoa umeme ukiwa umezimwa na kupima ukinzani: kisichosoma chochote kimekatika ndani, hata kama kwa macho hakina ufa. Viwango vya omu hutofautiana sana kati ya aina na aina, hivyo tumia kilichoandikwa kwenye kijitabu cha hita yako.

Kiwashio kipya kishike kwenye sehemu yake ya kauri, si kwenye kipande cheusi. Mafuta ya vidole yakibaki pale, sehemu hiyo inapata joto kuliko nyingine na inapasuka mapema. Na ni kitu chepesi kuvunjika. Kikidondoka kutoka kimo cha kiuno, nunua kingine.

Kwa hita ya cheche, zima taa za chumba na uangalie cheche inarukia wapi. Inatakiwa iruke kwenye pengo lake, ambalo kwa kawaida ni milimita chache. Ikirukia pembeni, kauri imepasuka au waya wake umechubuka.

Kiwashio kinang'aa, moto hauji

Hapa ni gesi, na tuanze na mambo ya aibu. Mkono wa valvu ya gesi uko sambamba na bomba? Ukikatiza, umefungwa. Swichi ya valvu ndani ya hita iko upande wa kuwasha? Mtungi una gesi?

Swali la mtungi lina mengi kuliko linavyosikika. Hita kubwa ya bwawa ina nguvu ya BTU 400,000 kwa saa, yaani kilowati 117 hivi. Kwa gesi ya mitungi hiyo ni kilo 8 na zaidi kila saa. Mtungi wa kilo 15 hauwezi kumaliza saa mbili, na kabla haujaisha unakuwa umeshashindwa, kwa sababu gesi iliyo ndani ni kimiminika kinachohitaji joto ili kigeuke mvuke. Ukivuta haraka, mtungi unapoa, unatoa jasho, kisha unaota barafu hadi usawa wa kimiminika, na presha inaanguka. Dalili yake ni hita inayowaka vizuri dakika kumi, inazima, inakataa, halafu baada ya kupumzika inawaka tena. Weka mkono kwenye mtungi. Ukiwa na barafu, hita haina kosa. Dawa yake ni mitungi mikubwa zaidi au kadhaa iliyounganishwa pamoja. Kuumwagia maji moto si dawa. Mchanganyiko wenye butani nyingi huumia zaidi mahali penye baridi, kwa kuwa butani huchemka kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri, wakati propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri.

Mtungi umebadilishwa leo? Kuna hewa bombani, na majaribio mawili matatu ya mwanzo yatashindwa bila ubaya wowote. Mitungi na regyuleta nyingi pia zina kizuizi kinachojifunga mtiririko ukiwa wa ghafla. Ukifungua mtungi kwa pupa, kinajifunga na kubakisha upenyo mdogo tu. Funga, subiri dakika chache, fungua taratibu.

Baada ya hapo kinachobaki ni kupima presha, na mwenye kipimo cha presha ya gesi ndiye anayestahili kuendelea. Kibao cha hita kimeandikwa kiwango cha chini na cha juu cha kuingia. Kwa gesi ya mitungi kwa kawaida ni kati ya milibari 27 na 37. Gesi asilia huwa chini ya hapo. Kosa la kawaida ni kupima hita ikiwa imezimwa, kusoma namba nzuri, na kuondoka. Presha ya kusimama haisemi lolote kuhusu bomba jembamba. Pima wakati valvu inafunguka, na vifaa vingine vya gesi vikiwa vimewashwa. Namba ikidondoka chini ya kiwango kila hita inapojaribu, bomba ni dogo kwa umbali huo au regyuleta haitoshi, na hakuna kipuri cha hita kitakachoponya hilo.

Kama presha ipo, sikiliza ile "kla". Volti 24 zikifika kwenye valvu ya gesi na isifunguke, valvu imeharibika. Zisipofika, rudi kwenye bodi na mnyororo wa swichi.

Jambo moja la kutazama kabla ya yote kwenye hita ya mtumba: imetengenezwa kwa gesi ipi? Ya gesi asilia ina nozeli zenye matundu makubwa. Ukiiunganisha na mtungi bila kubadilisha nozeli na kurekebisha presha, au haiwaki, au inawaka kwa moto mkubwa wa njano uliojaa masizi. Kibao kikifutika usikisie.

Inashika moto, inazima baada ya sekunde chache

Hii ndiyo dalili ninayoipenda, kwa sababu chanzo chake kikubwa kinaondoka kwa dakika tano. Moto umewaka, wewe umeuona, lakini hita haijauona. Kihisi cha moto ni fimbo ya chuma iliyosimama ndani ya mwali. Mwali wa gesi hupitisha umeme kidogo, na hupitisha vizuri upande mmoja kuliko mwingine. Bodi inapeleka umeme wa AC kwenye fimbo na kutarajia mkondo mdogo wa DC (wa upande mmoja tu) urudi, mikroampea chache tu. Fimbo ikipata utando mweupe au masizi, mkondo huo unapotea na bodi inafunga gesi.

Zima umeme na gesi, fungua skrubu, toa fimbo, isugue kwa sufi laini ya chuma hadi ing'ae, ifute, irudishe. Usitumie msasa mgumu, unaacha mikwaruzo inayokamata uchafu upya. Tazama kauri yake kama ina ufa. Kama bado inazima, fuata waya wa ardhi. Mkondo wa kihisi unarudi kupitia mwili wa hita, na skrubu moja ya ardhi iliyoshika kutu inatosha kuukata. Hita iliyounganishwa na waya wa moto na wa nyutro zikiwa zimebadilishana nayo inaweza kuleta dalili hii hii.

Kuzima baada ya dakika badala ya sekunde ni habari nyingine. Huko rudi kwenye swichi za joto, mtungi wenye barafu, au hita iliyofungiwa mahali pembamba hadi inavuta tena moshi wake.

Za zamani, zenye moto mdogo wa kudumu

Hizi hazina umeme wa nje. Moto mdogo unapasha themopaili, na themopaili inatoa umeme wa kuendesha valvu, ikiwa imeundwa kwa milivolti 750 hivi. Shikilia kitufe dakika nzima baada ya moto mdogo kushika. Wengi huachia mapema. Ukiachia ukazima kila mara, pima themopaili: ikitoa milivolti 300 tu moto ukiwa imara, imechoka. Lakini angalia moto kwanza. Ukiwa mdogo, wa njano, unaoyumba, tatizo ni nozeli yake. Buibui hupenda sana vijibomba hivyo, na utando mmoja unatosha. Puliza kwa hewa. Usichokoe na sindano, utalipanua tundu.

Inawaka kwa kishindo

Acha. Funga gesi na umwite mwenye leseni. Gesi inajikusanya kabla ya kushika, na sababu zake, kuanzia kichomeo kilichoziba hadi presha mbaya, si za kubahatisha. Vivyo hivyo masizi meusi kwenye tundu la moshi au moto wa njano: hapo gesi haiungui yote na hita inatoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu. Hita ikiwa chumbani, chumba hicho kisiingiwe hadi ikaguliwe.

Ikishawaka

Ondoka nayo taratibu. Chungulia mwali, uwe wa buluu na uliotulia. Paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha gesi ulichogusa na utazame mapovu. Kama bwawa lina kifaa cha klorini, hakikisha kiko baada ya hita na kina valvu ya kuzuia maji kurudi, la sivyo maji yenye klorini kali yatakaa ndani ya shaba pampu ikizimwa, na mwaka ujao hautatafuta kiwashio bali kibadilisha joto kizima, yaani yale mabomba ya shaba yaliyo juu ya moto. Maji yakae pH 7.2 hadi 7.8 kwa sababu hiyo hiyo.

Halafu mpe muda. Bwawa la mita za ujazo 50 linahitaji karibu kilowati-saa 58 kupanda nyuzi 1. Hita ya kilowati 117, ukitoa joto linalopotelea kwenye moshi, inalipandisha nyuzi hiyo kwa dakika 35 hadi 40. Nyuzi 10 ni saa sita na zaidi, bwawa likiwa limefunikwa. Nimeshapigiwa simu ya pili siku hiyo hiyo, saa moja baada ya kuondoka: "Fundi, imegoma tena, maji bado baridi." Nikamwomba aweke simu karibu na hita. Ilikuwa inavuma.